Harusi ya Kileleni na Magoti ya Mama

"Mama atapanda vipi?"

Nilikuwa na pini mdomoni na gauni langu la harusi limetandazwa juu ya meza ya kukatia. Nikazitoa pini, nikamuuliza tena, maana alijifanya hajasikia.

"Mpenzi, upepo nimeshaupima," akasema. "Mahema tutayafunga kwa nyaya zilezile za mnara. Hata ije mvua ya mawe, halitoki hata moja."

"Sijakuuliza mahema. Nimekuuliza mama yangu."

"Hilo niachie mimi."

Huyo ndiye mchumba wangu. Watu wanamwita Antena, kwa sababu kazi yake ni kupanda minara ya simu, na hata akiwa chini hatulii. Akishataka jambo, kalitaka. Safari hii alitaka tufunge ndoa kileleni mwa mlima, pale penye mnara wao. Sababu naijua. Aliniandikia asubuhi moja kuniomba anioe, halafu, kwa kuogopa jibu, akapanda zake kazini. Jibu langu la ndiyo lilimkuta huko juu na spana mkononi. Alilia peke yake na mawingu, mwenyewe kaniambia. Kwa hiyo nilikosa moyo wa kumkatalia.

Lakini mama yangu kapika kwenye jiko la shule ya bweni tangu sijazaliwa, kasimama juu ya saruji mpaka magoti yamekwisha. Kutoka chumbani kwenda barazani anashika ukuta. Na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Niolewe yeye hayupo pale mbele ananitazama? Bora nisiolewe.

Jumamosi Antena akatokea nyumbani na wenzake wa kazini, wamebeba kitu kimefunikwa turubai. Mama alikuwa barazani anakunja nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmebeba nini tena?"

Akalivuta turubai huku anacheka. Kilikuwa kiti kizuri, kina mto na mkanda wa kujifunga, na chini yake imepitishwa miti miwili mirefu.

"Hiki chako, mama. Hawa vijana wanapandisha betri za mnara mgongoni, wewe kwao ni unyoya."

Mama akaitazama ile miti.

"Inakaa mabegani?"

"Ndiyo, mama. Wawili mbele, wawili nyuma. Mwendo wa polepole, hata hutatikisika."

Mama akaliweka shati alilokuwa analikunja. Akashika ukuta, akaingia chumbani, akafunga mlango.

"Kafurahi mpaka kakosa la kusema," Antena akaninong'oneza.

Nikalichukua lile shati, nikamalizia kulikunja.

Kesho yake mama akaniita. "Mwambie mwenzako, nyie nendeni tu. Mimi nitaangalia picha."

Nikampigia simu Antena, nikampa maneno hayo kama yalivyo.

"Afadhali," akasema. "Unaona? Mama ni mwelewa. Tutamrushia video palepale, mtandao kule juu ni wa kumwaga."

"Antena, wewe ni mzima?"

"Si kasema mwenyewe?"

"Kasema twende. Hajasema karidhika."

"Sasa mimi nitajuaje, kama watu wa kwenu hamsemi?"

Nikamkatia simu. Kisha nikamwandikia: "Tafuta bibi harusi mwingine, mwenye mama wa chuma. Gauni nimelikunja."

Akajibu: "Lakini kadi zimeshatoka."

Kadi. Mtu unamwambia harusi hakuna, yeye anakwambia kadi. Niliitupa simu kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa, nikashona zipu za suruali za watu kwa hasira mpaka mgongo ukaniuma. Siku zilizofuata alipiga, sikupokea.

Alasiri moja narudi nyumbani, nakuta viatu vyake mlangoni. Nikasimama hapohapo nje. Alikuwa ameketi sakafuni, karibu na miguu ya mama.

"Marehemu mume wangu alitoka kwenye mlango huu mabegani mwa wanaume wanne," mama alikuwa anasema. "Mimi nilibaki nawatazama. Kiti chako ni kizuri, mwanangu. Ila nikinyanyuliwa vile nitaiona safari yake, harusi sitaiona."



"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa umehangaika sana. Ningekuvunja moyo."

"Nimehangaika na mbao na miti. Kukuuliza wewe sikukuuliza." Akajifuta uso. "Kwa miguu yako mwenyewe, mama, unaweza kufika wapi?"

"Sijui. Kuanza naweza."

"Basi tutaanza wote. Pale utakapochoka ukaketi, ndipo tutakapofungia ndoa."

"Na kileleni kwako?"

"Kileleni si kazini tu. Nipo huko kila wiki."

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumchana nikikutana naye. Nikaingia, nikaketi sakafuni kando yake.

"Gauni utalikunjua?" akaniuliza.

"Nitalipiga pasi kwanza. Limekunjamana kwa ajili yako."

Siku yenyewe, wageni walinuna kweli kwa kupandishwa mlima bila kujua mwisho wake. Shangazi yake Antena alivua viatu vya visigino, na bado akanuna. Mchungaji, kwa ule mwili wake, alikuwa anamtazama mama kila baada ya hatua chache, nadhani akimwombea achoke. Tukafika penye kivuli.

"Hapa pazuri, mama," nikasema.

"Bado."

Tukafika penye jiwe bapa, kama limewekwa kwa ajili yake.

"Mama, kaa."

"Kijana wa watu alitaka kileleni."

Nilimshika mkono mmoja, fimbo ipo mkono wa pili, na mwili mzima ulikuwa unamtetemeka. Nilijua hataketi. Angekuwa radhi kuanguka kuliko kuwa yeye ndiye aliyeikatiza harusi. Nikambembeleza, nikakasirika, nikabembeleza tena, akazidi kukaza. Machozi yakaanza kuniharibia poda.

Antena alikuwa mbele yetu. Akageuka, akayatazama magoti ya mama. Halafu yeye, mtu anayeshinda juu ya minara, akaketi chini kwenye majani na suti yake mpya.

"Mama, naomba tuishie hapa. Nimechoka."

"Umechoka wewe?"

"Pumzi sina, mama. Siwezi hatua nyingine."

Mama akamtazama usoni.

"Kijana mzima," akasema, na taratibu akajishusha, akaketi kando yake. "Haya, mchungaji, waoze hawa kabla huyu hajazimia."

Kilele kilikuwa mbali huko juu. Mimi nilimtazama yule mwongo kwenye majani, nikampenda upya. Mchungaji alipoanza kuuliza kama namkubali, sikumwacha amalize.