Karibu ya Muhiddin

Wewe unayetabasamu kwa pembe ya mdomo, tabasamu lako liweke. Nawajua watu wa namna yako. Mchana mnasema majini ni maneno ya vizee, na jua likishazama hamwendi uani bila taa. Hadithi hii sikuitunga wala sikuiokota barazani. Watu wake walikaa mlango uliotazamana na wangu pale Malindi, na kuta za vichochoro vyetu hazifichi hata chafya. Ukitaka kuamini, amini. Hutaki, basi, lakini usije kuniuliza mbona mimi nikiwa nnakula mtu akipita, kwanza huinua kichwa nikamtazama ndipo nikamkaribisha.

Muhiddin alikuwa serahangi, mkubwa wa mabaharia wa sitahani, katika meli ya Fathilkheri iliyokuwa ikivusha watu baina ya Unguja na Pemba tangu enzi za Sultani. Alikuwa mtu wa adabu mpaka akikera. Ukipita anakula, hata kama kilichomo sahanini ni cha paka, utasikia karibu. Na ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, mchele kwa foleni, sukari kwa foleni, unga kwa bahati. Kila mtu alijua karibu ya chakula ni ya mdomoni. Unakaribishwa, unajibu "starehe, nshakula," hata kama tumbo limegandana na mgongo. Aliyekaribisha kafanya adabu, aliyekataa kafanya adabu, na muhogo umebaki kwa wenyewe.

"Baba Sichana," mkewe Bi. Kazija akimwambia, "iko siku utamkaribisha mtu asiyejua kujibu."

Muhiddin akicheka.

Huyo Sichana ndiye mtoto wao pekee aliyebaki hai. Wenzake walikuwa wamelala makaburini Mwanakwerekwe. Mumewe alikuwa akifanya kazi Pemba, na yeye alirudi kwa mama yake, kama ilivyo ada, kuja kuzaa mimba yake ya mwanzo. Tumbo lilishakuwa kubwa. Bi. Kazija alimtazama binti yule kama mtu anavyotazama taa ya mwisho penye upepo.

Basi Fathilkheri ikazeeka, ikaamuliwa ivunjwe. Mashine yake ilitolewa kwanza, ikapelekwa Dar es Salaam, na chini kule likabaki tundu la kuweza kufugia ng'ombe. Gamba lilitakiwa kuvutwa na boti mpaka pwani moja mbele ya Bububu, lipandishwe mchangani wakati wa alasiri maji ya bamvua yakijaa, kisha wakata chuma walitafune polepole. Ndani yake walipanda watu watatu tu: Muhiddin, Simai wa Tumbatu aliyekuwa mshika sukani wa siku zote, na kijana mmoja anaitwa Duni, aliyetumwa na ofisi kusimamia.

Zamani, kila mwaka kabla ya Ramadhani, mabaharia wakishusha chano cha tambiko chumba cha mashine: ubani, mayai, haluwa, maji ya waridi. Baada ya Mapinduzi chano kikaachwa, kwani nani angetaka kuonekana nacho? Asubuhi ile, kamba ilipokuwa inafungwa, Simai alimsogelea Duni.

"Ndugu Duni, tuiage. Ubani nnao mfukoni."

"Unaaga nini, chuma?"

"Kilichomo."

"Kilichomo kilikuwa mashine, na mashine iko Dar es Salaam. Nyinyi watu wa Tumbatu hata mkipewa baiskeli mtaitambikia."

"Ikinivusha mkondo wa Pemba, ntaitambikia."

"Jamani," Muhiddin akasema, maana hakupenda ugomvi, "tusizozane siku ya mwisho. Uache, Simai." Na ubani ukabaki mfukoni. Ndiyo adabu hiyo.

Walipofika usawa wa Maruhubi, Muhiddin alijimiminia chai kutoka chupani, akakiweka kikombe sitahani. Chai ikaanza kutetema. Miduara midogo midogo, ikitoka katikati kwenda pembeni bila kusita, kama ilivyokuwa ikitetema kila safari mashine ikiunguruma chini. Akaweka kiganja juu ya ubao. Ubao nao ulikuwa unatetema, na ulikuwa na uvuguvugu.

"Ni boti inavyovuta," alisema Duni.

Simai aliinua kidevu tu, akamwonesha kamba. Kamba ilikuwa imelegea, imelala majini, na meli inakwenda.

Duni alivua viatu kama mtu anayejiandaa kuogelea, akaenda kukaa mbele kabisa, omo, akawapa mgongo. Hakusema tena habari za Dar es Salaam.

Kisha ikaja harufu. Kwanza mafuta ya moto. Halafu malimau yaliyokatwa, yale ambayo wanawake wakinusa wasitapike, halafu karafuu mbichi na nguo za watoto zilizoloa, na chini ya harufu zote hizo, kutoka kwenye chumba cha wanawake ambacho mlango wake ulishang'olewa na ndani unaona mpaka ukuta wa pili, kukawa na sauti ya mtu anambembeleza mtoto mchanga, pole, isiyo haraka, kama mtu anayejua kwamba safari bado ndefu.

"Unasikia?" Simai alinong'ona.

"Nasikia. Shika sukani."

Jua lilipokuwa utosini boti ikapunguza mwendo kungojea maji, na Muhiddin akafungua chakula alichofungiwa na mkewe, muhogo wa nazi na kipande cha samaki mkavu wa ng'onda, akakimimina kwenye sinia. Alimwita Duni. Duni akajibu bila kugeuka, "Starehe, Mzee Muhiddin, nshakula." Wakakaa wawili, Simai upande huu na Muhiddin upande wa pili. Walikula kimya, vichwa chini, kila mmoja akijilazimisha kumeza. Ndipo Muhiddin akasikia champali zikiburuzwa nyuma yake, mwendo wa mtu anayepita tu na shughuli zake, na ulimi, uliozoea tangu utotoni, ukatangulia kabla ya akili.

"Karibu," akasema.

Hakuna aliyesema starehe. Champali zilisimama. Ukapita upepo mdogo wa mtu anayekunja miguu kukaa, na Simai, aliyekuwa na tonge karibu na mdomo, akaona ule upande wa sinia usiokuwa na mtu, muhogo unaanza kupungua, tonge dogo baada ya tonge dogo, wala haupapiwi, wala mkono hauvuki kwenda kwenye minofu ya wenzake, bali unaliwa taratibu na mbele yake tu, kama anavyokula mtoto wa watu aliyefunzwa, mpaka chuma cheupe cha sinia kikaonekana upande ule na alama za vidole vitano zikabaki kwenye tui.

Simai aliliweka tonge chini, akafuta mkono kwenye shuka.

"Serahangi," alisema, sauti haikuwa na nguvu, "umemkaribisha nani?"

"Si Duni huyu."

"Duni yuko omo. Na hana viatu."

Muhiddin akainua kichwa wakati huo. Alichelewa.

Alasiri meli ikapanda mchangani, na ilipogusa tu, mtetemo ukakatika. Wote watatu wakasikia kishindo cha watu wakishuka kwenye ngazi ambayo haikuwepo, wengi, na vifurushi vyao, na kuku wao, na kishindo kikaenda mpaka kikaisha. Basi, wakadhani yamekwisha. Duni hakungoja mtu. Alijirusha majini na nguo zake. Simai na Muhiddin walirudi mjini kwa lori, wamekaa nyuma kwenye ubao, na njiani Muhiddin akajisogeza, akaacha nafasi baina yake na mwenzake.

"Mbona unasogea?" Simai akamuuliza.

Muhiddin aliitazama ile nafasi. "Sijui," alisema. Lakini hakujisogeza kuiziba, maana ingekuwa utovu wa adabu.

Simai alishuka mwanzo wa mji akasema anakwenda Tumbatu kwa dada yake. Hajarudi Malindi mpaka leo.

Nyumbani Bi. Kazija alikuwa amepata wali, neema kubwa. Akapakua kwenye sinia, wakakaa mkekani watatu, yeye, mumewe na bintiye, na Muhiddin akajibana pembeni. Bi. Kazija alikuwa mtu wa macho. Wali wa foleni mtu huutazama, na aliutazama ukiliwa kutoka upande wa nne.

Hakupiga kelele. Alimwambia Sichana akalete maji, na binti alipoondoka akamgeukia mumewe.

"Umekuja na nani?"

Muhiddin akamweleza yote, kichwa kimemwinamia.

"Ulikuwa na tabu gani kuinua uso ukatazama?"

"Nlikuwa nnakula."

"Ulikuwa unakula," Bi. Kazija akasema. "Mjinga we."

Siku zilizofuata maji ya mtungini yakawa na chumvi. Harufu ya malimau ikajaa ngazini, na Bi. Kazija hakuwa na limau hata moja. Mgeni hakuvunja kitu wala hakumtisha mtu. Alikula, akakaa. Chakula cha watu watatu kikawa cha wanne, na mjamzito akawa anakonda. Haya yote Bi. Kazija angeyavumilia, lakini jioni moja, wakati wa adhana ya magharibi, Sichana alimwita chumbani, amejiegemeza ukutani na uso umempauka.

"Mama, mtoto hapigi teke tena."

"Amelala."

"Hakulala. Weka mkono."

Bi. Kazija akaweka kiganja juu ya tumbo la mwanawe, na chini ya ngozi ile yenye joto, mahali ambapo angetarajia kisigino au kiwiko, akakuta mtetemo, mmoja, wa sawasawa, usiopumua wala kusita, na kwenye nywele za binti akanusa mafuta ya moto, na akakaa vivyo hivyo mkono umeganda mpaka adhana ikaisha, kwa sababu aliogopa kwamba akiuondoa na mtoto atakwenda nao.

Kulipopambazuka alipanda gari mpaka Kidichi kwa Bi. Biasha. Huyo alikuwa mganga, mwanamke mkavu asiyecheka na mtu, na kwa kuwa uganga zama zile haukuwa wa kutangazwa, alikuja mjini na kikapu cha ndimu kichwani kama muuzaji. Alifika mlangoni akanusa. Hakuingia. Alikaa barazani akawataka wote watatu watoke.

"Angekuwa muovu ningemtoa kwa kombe la Kurani, angekimbia kabla ya adhuhuri," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu si muovu. Ni mgeni. Mmemwita kwa ulimi wenu, kala chumvi yenu. Mgeni hafukuzwi."

"Basi asindikizwe," akasema Bi. Kazija. "Mgeni hurudishwa kwao."

"Kwao wapi? Si mmekupeleka kukatwa vipande?"

Paka alipita, akafika mbele ya mlango, akageuka.

"Kazoea kukaa ndani ya kitu kinachobeba roho tumboni," Bi. Biasha akaendelea. "Katika nyumba hii kitu hicho ni kimoja."

Sichana akaivuta kanga yake, akalifunika tumbo.

"Anataka nini ili aliache?" Muhiddin aliuliza.

"Makazi. Apewe nyumba yote, na aliyemkaribisha akae naye, maana mgeni haachwi peke yake. Ukitoka wewe, naye atatoka amfuate huyu mtoto alipo. Na usimkaribishe tena mtu yeyote. Neno hilo lisitoke mdomoni mwako, maana atakayeingia kwa karibu yako atakuwa mgeni wako na wake pia."

"Mpaka lini?" aliuliza Bi. Kazija.

Bi. Biasha alichukua kikapu chake. "Mpaka mmoja wao achoke," alisema, "na majini hawachoki."

Muhiddin alikuwa keshasimama. Alivuka kizingiti, akaingia ndani mwenyewe, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake. Bi. Kazija alimfuata. Alifunga nguo kwenye shuka, akamwekea mumewe muhogo jikoni na kibiriti juu ya mfuniko. Hawakuzungumza mengi. Yule mtu alikuwa kamuoa angali na nywele za kusuka, na kwa ulimi wa adabu alikuwa nusura amzikie mjukuu. Alimchukia, na papo hapo akamwonea huruma.

"Chumvi iko kwenye kifuu," alimwambia.

"Nimeiona. Nisamehe, mama Sichana."

"Kaa kimya tu. Hilo ndilo nnalolitaka."

Mama na binti wakaondoka. Sichana alifika katikati ya kichochoro, akasimama, akashika ukuta. Bi. Kazija akamkimbilia. Lakini binti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Mama. Kapiga teke."

Bi. Kazija akaweka mkono. Teke likaja, zito, la kiumbe mwenye hasira zake mwenyewe. Alimshukuru Mungu, akamfunika mwanawe vizuri, na katika kumfunika akaona buibui la Sichana halipo. Limebaki msumarini, nyuma ya mlango.

"Ningoje hapo. Usisogee."

Akarudi. Akasukuma ubao mmoja wa mlango, na kwa kuwa hata yeye ni mtoto wa Unguja, na nyumba ilishakuwa ya watu wengine, akasema, "Hodi."

Muhiddin alikuwa amekaa mkekani, uso kwa mlango. Mbele yake kikombe cha chai kinatetema. Alimtazama mkewe kwa macho ya mtu aliye chini ya maji, midomo ameibana mpaka imekuwa myeupe, jasho linamtiririka, na mtu yule ambaye katika maisha yake hakupata kuisikia hodi asiiitike, hakuitika. Bi. Kazija alijua basi kwamba mumewe atalizuia lile neno. Alinyoosha mkono kulishika buibui, mguu mmoja umeshavuka kizingiti.

"Karibu," sauti ikamjibu.

Ilikuwa pole, isiyo haraka, ya mtu aliyefunzwa, na ilitoka kuliani kwa Muhiddin, mahali ambapo mkeka ulikuwa umebonyea. Midomo ya Muhiddin ilikuwa imefumbwa vilevile. Akatikisa kichwa, kidogo tu.

Bi. Kazija akaurudisha mguu nje.

"Starehe," alisema.

Akalichukua buibui, akatoka, akaufunga mlango.