Jiko Ndani ya Chumba

Kimanzi alifanya kazi miaka sita katika mgodi mdogo wa makaa ya mawe, milimani kusini mwa Tanzania. Walichimba chini ya ardhi kwa sururu, na taa zimefungwa kichwani. Sasa anafanya mjengo, yaani kazi ya ujenzi, Nairobi. Amepanga chumba kimoja Gatina, Kawangware, na mke wake Kasyoka na binti yao Valentine. Majirani hupenda kumsikiliza akisimulia habari za mgodi.

Jumamosi moja ya Julai, mvua ilinyesha na baridi ikawa kali. Kasyoka alikuwa amemaliza kupika maharagwe nje, kwenye kibaraza cha ghorofa. Sare ya shule ya Valentine ilikuwa bado mbichi. Kimanzi akaingiza jiko la makaa ndani, likiwa bado linawaka, akafunga mlango na dirisha.

“Baba Valentine, hiyo jiko si ni mbaya ikiwa ndani?” Kasyoka akauliza.

“Ubaya gani? Haitoi moshi. Mimi nimekaa na makaa miaka sita. Wewe ndiye utanifunza?”

Kasyoka akaanika sare kando ya jiko.

Baada ya muda Valentine alisema kichwa kinamuuma. Akatapika. Kasyoka aliinuka amsaidie, akaanguka. Kimanzi alipotaka kusimama, magoti yalikataa. Hapo akajua. Ndivyo Nzomo, mwenzake wa mgodini, alivyolegea kabla ya kufa. Alitambaa hadi mlangoni, akaufungua, akawavuta nje mmoja mmoja.

Angeline, mhudumu wa afya wa mtaa, aliishi ghorofa ya chini. Alisikia kelele, akapanda mbio, akatafuta gari.

Hospitalini daktari aliuliza, “Wamekula nini?”

“Maharagwe,” Kimanzi akasema, macho chini. “Pengine yalikuwa yameharibika.”

Daktari akaanza kuandika. Angeline akamvuta Kimanzi kando.

“Maharagwe ni ya leo. Nimemwona Mama Valentine akiyapika. Jiko lilikuwa wapi?”

Kimanzi akageuka kumwangalia Valentine kitandani.

“Daktari akitibu tumbo, atakuwa anatibu ugonjwa mwingine kabisa. Niambie.”

“Ndani. Nilikuwa nimefunga kila mahali.” Uso ulimwaka kwa aibu. “Na nilijua, Angeline. Mgodini walitufundisha. Hewa mbaya haina harufu. Ilimuua rafiki yangu. Mke wangu aliniuliza, nikamjibu vibaya.”

“Rudi umwambie daktari hivyo hivyo.”

Alirudi akasema. Daktari hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Wote watatu waliwekewa oksijeni mara moja.

Jioni Kasyoka na Valentine walikuwa wameamka. Angeline alikaa nao akawaeleza.

“Makaa yakiwaka hutoa gesi ya sumu. Huioni na huinusi. Hata makaa mekundu yasiyo na moshi yanaitoa. Kichwa huuma, unatapika, miguu inalegea. Kwa hivyo jiko likae nje. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Mtu akizidiwa, mtoe nje penye hewa safi, mpeleke hospitali, na useme ukweli kwamba kulikuwa na jiko.”

Waliporudi nyumbani, Kimanzi alimwomba mke wake msamaha kwa sauti ya chini, Valentine akiwa nje.

“Ulinijibu mbele ya mtoto,” Kasyoka akasema. “Mwite.”

Akamwita Valentine. Akasema tena, mbele yake: “Mama aliuliza vizuri. Mimi nilikosea, na nilikuwa najua.” Kasyoka akamshika mkono.

Siku iliyofuata Kimanzi alipita mlango kwa mlango akiwaeleza majirani. Mzee Wainaina alikuwa ameketi ndani, jiko miguuni.

“Si wewe ndiye mtaalamu wa makaa?” akamcheka.

“Ni mimi,” Kimanzi akasema. Alitamani kuondoka, lakini hakuondoka. “Na karibu niue familia yangu. Tafadhali, mzee, nikusaidie kulitoa.”

Wainaina aliacha kucheka. Wakalibeba pamoja.

Msimu wote wa baridi, majiko ya ghorofa ile yalikaa nje kibarazani. Ndani, watu walivaa sweta mbili.