Vidole vya Muuza Miwa

Kituyi aliuza miwa mtaa wa Huruma, hapa Eldoret. Kila asubuhi alisukuma mkokoteni wake hadi kando ya barabara. Alimenya miwa kwa kisu, akaikata vipande vidogo, akawauzia wapita njia. Alikuwa mtu wa mzaha mwingi, na wateja walimpenda kwa kuwa hakukosa kuwaongezea kipande.

Mwaka wa 1988 mzaha ulipungua. Kituyi alikunywa maji bila kutosheka. Alikonda mpaka suruali ikafungwa kwa kamba. Mkewe, Nangila, alichoka kumbembeleza, akamburuta hadi hospitali. Huko daktari alisema kwamba Kituyi ana ugonjwa wa sukari. Akampa tembe, ameze moja kila asubuhi. Hospitali ilikuwa imepata msaada wa vijiti vya kupimia damu, kwa hivyo Kituyi alipewa chupa moja aende nayo nyumbani.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu. Unadunga kidole kwa kisindano, unaweka tone la damu kwenye ncha ya kijiti. Unangoja dakika moja, unapangusa kwa pamba, unangoja tena. Kisha unalinganisha rangi ya kijiti na rangi zilizochorwa kwenye chupa. Rangi hafifu ni sukari kidogo. Rangi ikikoza, sukari imepanda.

Basi kila jioni Kituyi alitoka kazini na kupima kabla ya kula. Kila jioni rangi ilikoza kama wino. Aliacha sukari kwenye chai, rangi ikakoza. Aliacha ugali, rangi ikakoza vilevile. Majirani nao wakawa madaktari. Mmoja alimkataza nyama, mwingine akamwambia ale nyama tupu. Kituyi aliwatii wote, akabaki na mboga ya sukuma wiki peke yake.

Siku ya kliniki alioga vizuri, akavaa koti lake la kanisani. Muuguzi alimpima, akamsifu kwamba sukari yake ni nzuri. Alirudi akiwa na furaha, akaenda kuuza miwa. Jioni alipima tena. Kijiti kikakoza.

"Mama Simeon, mimi sielewi," alimwambia mkewe. "Hospitali inasema niko sawa. Hii chupa inasema nakufa. Nani muongo?"

"Labda sukari yako inaogopa daktari," Nangila alisema, lakini hata yeye hakucheka. Alikuwa na hofu.

Kituyi alianza kuogopa miwa yake mwenyewe. Hakuonja hata kipande. Alijiuliza kama utamu unaweza kumwingia mtu kwa harufu. Kama ni hivyo, itabidi aache kazi, na familia itakula nini?

Mtu aliyechanganyikiwa hutafuta njia ya mkato. Kituyi alianza kumeza tembe mbili badala ya moja. Hakumwambia mtu. Jumamosi moja alimeza tatu, kisha akaenda kazini bila kula.

Mchana alirudi nyumbani akitetemeka. Siku hiyo ilikuwa ya baridi, lakini yeye alilowa jasho. Alimwita Nangila kwa jina la mama yake. Kisha alichukua shati na kujaribu kulivaa miguuni. Nangila alikimbia kumwita Chepngetich, muuguzi aliyepanga chumba katika ploti hiyohiyo.

Chepngetich alimtazama Kituyi, akamuuliza amekula nini na amemeza tembe ngapi. Kituyi aliinua vidole vitatu.

"Mama Simeon, koroga sukari kwa maji," Chepngetich alisema. "Weka vijiko vitatu. Haraka."

Nangila alisimama palepale. "Sista, huyu ni mgonjwa wa sukari. Unataka nimuue na mkono yangu?"

"Sukari yake imeshuka sana. Ikishuka zaidi atazimia, na mtu akizimia hatumpi kitu kwa mdomo, ni kukimbia hospitali. Saa hii bado anaweza kumeza. Lete sasa."

Nangila alikoroga huku akilia. Aliona kama anampa mumewe sumu. Kituyi alikunywa yote. Baada ya muda mfupi aliacha kutetemeka, akauliza mbona watu wamejaa chumbani kwake. Chepngetich alimlisha ugali kidogo, kisha wakampeleka hospitali. Tembe zile hufanya kazi kwa muda mrefu, kwa hivyo sukari ingeweza kushuka tena. Kituyi alilazwa, na daktari akamwonya vikali arudi kwenye tembe moja.

Kituyi alipoanza kazi tena, jioni Chepngetich alimngojea nyumbani. Alitaka kuona anavyopima. Kituyi aliegesha mkokoteni, akachukua kitambaa anachopangusia miwa na kisu, akapangusa nacho mikono. Akashika kisindano.

"Ngoja," Chepngetich alisema. "Lamba hiyo kidole kwanza."

"Nilambe?"

"Lamba."

Kituyi alilamba. Akamtazama mkewe. "Ni tamu," alisema polepole.

Chepngetich alimwambia anawe kwa maji na sabuni, akaushe mikono kwa kitambaa safi, kisha adunge kidole kingine. Walingoja wote watatu. Rangi ilikuwa hafifu, kama ile ya kliniki.

Kituyi aliona aibu, kisha akakasirika, kisha akashusha pumzi. "Kwa hivyo nimekuwa nikipima miwa?"

"Ulikuwa unapima damu na miwa pamoja. Ukiona rangi huielewi, nawa, upime tena. Ikikataa, njoo kliniki. Lakini usiongeze dawa peke yako. Na ule kwa wakati. Ugali si adui yako, ni kiasi tu."

Nangila bado alikuwa amechanganyikiwa. "Sista, jana sukari ni sumu, leo sukari ni dawa. Sasa mimi nishike gani?"

"Ikikaa juu, inamharibu polepole," Chepngetich alijibu. "Ikishuka sana, inaweza kumuua leo. Kwa macho huwezi kujua kila mara. Ndiyo maana tunapima."

Tangu siku hiyo Nangila alijifunza kupima pia. Kituyi alianza kunenepa kidogo, na wateja wakasikia tena mzaha wake.

Mwezi wa Septemba, siku moja, wateja walikuwa wengi na Kituyi hakupata nafasi ya kula. Alirudi nyumbani jioni akilowa jasho, mikono ikitetemeka. Nangila hakumkimbilia mtu. Alikoroga sukari kwa maji, akamnywesha. Kisha alimnawisha mikono kwa sabuni, akamdunga kidole, akasoma rangi. Sukari ilikuwa bado chini, kwa hivyo akampa maji ya sukari tena. Kituyi alipotulia, akampakulia chakula.

Chepngetich alitoka kazini akawakuta wanakula. Nangila alimweleza yaliyotokea, na kwamba kesho watapita kliniki kumwambia daktari.

"Nani amekuambia la kufanya?" Chepngetich aliuliza.

"Hakuna," Nangila alisema. "Nilijua mwenyewe." Akamsogezea kiti wale pamoja.