Tangazo Kwenye Jalada la Daftari

Kila Ijumaa nikitoka shule nilipitia ofisi ya kata kuchukua gazeti la serikali la babu. Macho yake yalikuwa yamefifia, basi mimi nilimsomea kurasa za ardhi. Gazeti lenyewe kavu! Halina picha, halina mpira. Nililichukia kama dawa ya minyoo.

"Babu, kwa nini usisome gazeti kama watu wengine?"

"Hili ndilo gazeti, Kasuku," alinijibu. Aliniita hivyo kwa sababu ya domo langu. "Zamani ukisema gazeti, sisi tulijua ni hili: karatasi ya serikali ya kutangaza amri, vyeo na viwanja. Hayo ya mpira yamekuja juzijuzi, yakachukua jina. Na jambo likishachapwa humu, sheria inahesabu umelijua, hata kama ulikuwa umelala."

Alijua alichosema. Kwa miaka thelathini alipanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha uchapaji cha serikali.

Ijumaa moja wenzangu walikuwa wakiningoja nje na kamba ya kuruka. Nikafunua kurasa harakaharaka.

"Hamna kitu, babu."

"Umesoma zote?"

"Zote."

Jumapili nilichana karatasi za gazeti lile nikafunikia daftari langu la hesabu. Njia ya mwongo ni fupi; yangu ilikuwa na urefu wa siku ishirini na tisa. Siku hiyo ya mwisho alikuja mpima ardhi na kamba yake.

"Shikamoo, mzee. Nimetumwa kupima kiwanja cha nyumba hii. Mwombaji anasema hati ilipotea, anataka mpya kwa jina lake. Tangazo lilitoka gazetini wiki nne zilizopita. Muda wa pingamizi unakwisha kesho."

"Hati imo sandukuni mwangu! Mwombaji ni nani?"

Mpima alimtaja baba yangu mdogo, kitinda mimba wa babu. Babu aliketi chini taratibu.

"Kasuku, lete gazeti la wiki ile."

Nilileta daftari. Nikalibandua jalada, nikasoma. Namba ya kiwanja chetu ilikuwa pale mbele, juu ya jina langu. Nilikuwa nimeibeba shuleni mwezi mzima.

"Uliniambia umesoma."

"Sikusoma, babu. Nilidanganya."

Hakunichapa. Laiti angenichapa.

Kesho yake tulipanga foleni kwenye ofisi ya ardhi tangu asubuhi. Karani aliikagua hati, akaigonga muhuri barua yetu ya pingamizi kabla ya ofisi kufungwa. Baadaye ombi lilitupwa. Nyumba ikabaki yetu, ila baba mdogo hakukanyaga tena kwetu.

Tukirudi kutoka ofisini siku ile, babu alisema, "Kwa mikono hii nimepanga matangazo yaliyowatoa watu majumbani mwao. Wengi hawakujua kusoma, ndiyo maana hawakujitetea. Wewe unajua. Mtu akikupa kazi ya kuwa macho yake, ukimdanganya umemtumbukiza shimoni."

Nililia, nikaomba radhi, naye akasema amenisamehe. Nikadhani yamekwisha.

Ijumaa iliyofuata nilileta gazeti, nikakaa kwenye kigoda changu. Babu alinyoosha mkono akalichukua.

"Niitie mdogo wako," alisema.

Mdogo wangu ana miaka saba, anasoma kwa kuunganisha silabi. Babu alimsubiri, neno kwa neno, mpaka ukurasa wa mwisho.