Mlangilangi wa Bi Kulthum

Kila Alhamisi baada ya masomo, wanafunzi wa chama cha mazingira walikwenda kutembelea bustani. Wenzao walipokimbilia mpira, wao walimfuata Mwalimu Nerea kwenye vichochoro vya mji wa Lamu, wakabisha hodi kwenye nyumba iliyowakubali, wakavua viatu na kuingia uani kutazama maua. Vijana wa mpira waliwaita nyuki. Safaa hakujali. Yeye alikuwa darasa la sita, na alikuwa ameshagundua jambo ambalo vijana wa mpira hawakulijua: bustani ileile ukiirudia baada ya miezi michache, si bustani ileile.

Januari walikuta jua limechoma kila kitu, isipokuwa bogenvilia zilizotambaa ukutani kwa rangi ya waridi iliyokolea, kana kwamba ukame ndio chakula chao. Mwezi wa tano mvua ya masika ikinyesha, ua wa Bi Sumeiya kule Mkomani ulinukia mpaka nje ya mlango. Mlangilangi wake ulikuwa umejaa maua ya manjano yenye petali ndefu zilizopindapinda. Bi Sumeiya aliwaonyesha pia maua machanga, ambayo bado yalikuwa ya kijani na hayakunukia. Yalijificha katikati ya majani, na Safaa alilazimika kukodoa macho ili ayaone. Siku hiyo alirudi nyumbani amelowa chepechepe na ana furaha tele.

Basi Maulidi ilipokaribia, mwishoni mwa mwezi wa nane, Bibi yake, Bi Kulthum, alipomwambia wafuatane kwenda bustanini kwake nyuma ya mji, Safaa alifurahi sana. Bibi hakwenda huko mara kwa mara. Magoti yalimsumbua, na tangu mumewe, Babu Uthman, afariki, alikwenda mara moja tu kwa mwaka, kabla ya Maulidi, kutafuta maua ya mlangilangi ya kutilia vikuba, vile vishada vya asmini na rihani ambavyo wanawake huvaa wakanukia.

Lakini mlangilangi haukuwa na ua hata moja. Ulikuwa majani matupu, umesimama kimya kwenye vumbi. Bibi aliuzunguka akiegemea fimbo yake, akatazama juu mpaka shingo ikamuuma.

"Mwaka huu tena," alisema. "Mti huu umekufa pamoja na mwenyewe. Kila Maulidi ulikuwa ukitanua maua. Nalipokuwa bibi arusi, babuyo alinitilia maua yake tele mkononi. Sasa nauya, nautezama, hauna hata moya la kunipa."

Mjomba Jeilani alikuwa amekuja nao. Yeye ni fundi wa kukarabati nyumba za kale, na kwa muda mrefu alikuwa akitafuta mahali pa kuweka boriti na magunia yake ya chokaa. Alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba mti usio na maua wala kivuli cha maana unakula nafasi bure. Akimaliza kazi aliyonayo, baada ya Maulidi, angeukata na kujenga ghala. Bibi akasema ukatwe tu, kwani umemtia uchungu wa kutosha. Alisema hivyo huku akipapasa gome la mti.

Usiku ule Safaa hakuelewa chochote. Mti wa Bi Sumeiya ulichanua, wa Bibi haukuchanua, na yote miwili ilikuwa kwenye kisiwa kimoja, ikinyeshewa mvua moja. Kesho yake alimsimulia Ammar, mwenzake wa chama, naye Ammar akatoa jibu papo hapo kama kawaida yake. Alisema mlangilangi ule ni dume, kama mipapai dume isiyozaa. Safaa akauliza, kama ni dume, mbona zamani ulikuwa na maua? Ammar akafikiri kidogo, akasema labda umezeeka ukawa dume. Safaa alizidi kuchanganyikiwa, na Ammar naye pia, ingawa hakukiri.

Safaa alijaribu kuumwagilia mti maji ya kisima kila jioni, mpaka mikono ikamuuma kwa kubeba ndoo. Hakuna kilichobadilika. Alikwangua gome kwa ukucha, akakuta chini yake ubichi wa kijani. Mti ulikuwa hai. Basi kwa nini haukuchanua?

Aliporudi nyumbani alimuuliza Mama. Mama alikuwa akichambua mchele, akasema hakumbuki maua ya mlangilangi kwenye Maulidi. Alichokumbuka yeye ni joto. Safaa alipokuwa bado mchanga, Maulidi ilikuja katikati ya msimu wa kaskazi, na Mama alishinda akimpepea kwa kipepeo cha ukindu ili asilie. Safaa akaenda kwa Bibi, akamuuliza kuhusu Maulidi ya mwaka aliokuwa bibi arusi. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alisema mvua ilinyesha mpaka wanaume waliokuja kusoma Maulidi wakajibanza barazani, na buibui lake jipya likaingia tope.

Mmoja alisema joto, mwingine alisema mvua, na Safaa alipochungulia nje aliona upepo wa kusi na vumbi. Ilikuwaje Maulidi iwe na hali tatu?

Alhamisi iliyofuata Maulidi, Safaa aliomba chama kiende bustanini kwa Bibi, angalau wauage mti. Bibi alikubali, akaja naye, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Mjomba Jeilani alikuwa ameshafika na shoka na kamba. Alisema hana haraka, watoto watazame kwanza.

Mwalimu Nerea alikuwa na sharti moja: mkifika bustanini, kaeni kimya mtazame kabla hamjasema. Walikaa. Kulikuwa na ndege wengi juu ya mlangilangi, wakirukaruka na kupiga kelele. Ghafla kitu cheusi kikamdondokea Ammar begani, kikaacha doa la zambarau kwenye shati jeupe la shule. Wote wakacheka, hata Bibi. Ammar alikiokota kile kitu ili akitupe mbali, lakini Safaa akamshika mkono.

Kilikuwa tunda dogo lililopasuka, lina nyama kidogo na mbegu ndani. Safaa alitazama juu tena, safari hii si kutafuta manjano. Kati ya majani aliona vishada vya matunda meusi, kingine hapa, kingine pale, na ndege wakivila. Vilikaa kwenye vitawi vya namna ileile aliyoiona kwa Bi Sumeiya vikiwa na maua mwezi wa tano.

"Mwalimu," alisema, "tunda linaweza kutoka bila ua kutangulia?"

Mwalimu Nerea alisema haliwezi. Akamuuliza yeye anafikiri nini.

Safaa aliongea harakaharaka, akijikwaa. Alisema mti ulichanua. Ulichanua mwezi wa tano, kama wa Bi Sumeiya, wakati wa mvua, ila hakuna aliyekuwapo kuuona. Zamani, Bibi alipokuwa bibi arusi, Maulidi iliangukia kwenye masika, ndiyo maana buibui liliingia tope na maua yalikuwapo. Lakini Maulidi hufuata mwezi mwandamo, na kila mwaka hurudi nyuma siku kumi hivi. Iliuacha msimu wa mvua, ikapita kwenye kaskazi aliyoikumbuka Mama, na sasa imeingia kwenye kusi. Mti haufuati mwezi. Mti unafuata mvua.

Mjomba Jeilani aliutazama mti, akamtazama mama yake.

"Mama," alisema, "mimi nimekwenda madrasa, najua miezi inavyozunguka. Sikuwahi kuufikiria mti."

"Hata mimi naliyajua hayo," Bibi alijibu taratibu. "Kila mwaka twafunga Ramadhani tarehe nyingine. Lakini ua nalilifunga na Maulidi, kwa kuwa siku hiyo ndiyo naliyofurahi."

Mjomba alilaza shoka chini, akakunja kamba. Alisema ghala litasogea mpaka ukutani upande wa pili. Hata hivyo hakuamini moja kwa moja, na Safaa naye, usiku alipolala, alijiuliza kama amekosea. Kwa miezi mingi wasiwasi huo ulimrudia. Kila mwezi alikwenda kuutazama mti, akaona majani, majani, na majani.

Masika ilipoingia mwaka uliofuata, Safaa alikuta kwanza vitu vya kijani vimejificha kwenye majani. Hakumwambia mtu. Baada ya wiki chache alirudi mbio nyumbani, akamshika Bibi mkono na kumwambia tu wavae viatu. Bibi alitembea polepole kwenye manyunyu, mkono mmoja kwa Safaa, mwingine kwa Mjomba Jeilani. Kabla hawajafika langoni, harufu ilikuwa imeshawapokea.

Mlangilangi ulikuwa wa manjano tangu chini hadi juu. Mjomba aliinamisha tawi, akachuma maua kiganja kizima, akayatia mikononi mwa mama yake. Bibi aliyaweka usoni, akalia waziwazi, wala hakujifuta.

"Babuyo aliniletea maua haya kila mwaka," alisema. "Aliingia nalo kapu, nami nalishukuru, nikayashona vikuba. Hata siku moya sikumuuliza ameyatuma mtini lini."

Kisha akawageukia wote wawili. Aliwaambia kwamba mti haukumkosea. Yeye ndiye aliyeujia siku aliyoitaka mwenyewe, akauona mtupu, akauhukumu, na kidogo tu wangeukata. Aliwataka wasiwafanyie watu vivyo hivyo. Mtu ukimkuta hana kitu leo, usiseme hana kitu kamwe. Rudi tena, mtazame vizuri, muulize.

Mjomba Jeilani aliitikia kwa kichwa akiwa ametazama chini. Bibi alikaa kwenye ukingo wa kisima, maua yamejaa mapajani, akamvuta Safaa karibu.

"Haya, nambie, mwanangu," alisema. "Mwezi uyao hapa patatanua maua gani?"