Alama za Kope

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta shemeji yangu, mtu asiyeweza kudanganya hata kusifia chai mbovu.

Kazi yake ilikuwa kujaribu miwani ya uhalisia pepe, ile mikubwa inayofunika macho yote. Wanapunguza kasi ya picha taratibu mpaka zianze kukwamakwama, naye aseme macho yanapoanza kuuma. Kutwa nzima. Kazi gani hiyo, kulipwa ili uumie? Jioni anarudi macho mekundu kama pilipili, na hata sura za wanawe anaziona zikirukaruka.

Mchana mmoja alichoka kabisa. Akafanya wanavyofanya wote pale: akachukua miwani iliyokufa, haina hata betri, akaivaa ili apate giza la kupumzikia.

“Dakika mbili tu, bosi.”

“Pumzika, bwana. Macho hayana spea.”

Giza lilikuwa totoro. Kila alipopepesa, alisikia kope zake zikikwaruza kioo: krr, krr. Hilo alilizoea, maana miwani ile hukaa karibu mno na jicho. Akafumba macho alale.

Krr. Krr.

Akayafumba kwa nguvu zaidi. Sauti haikukoma. Iliongeza mwendo tu, kama mtu anayepepesa ili aone vizuri.

Akaivua. Kioo kilikuwa na alama za kope. Akachukua kitambaa, akafuta. Akafuta tena. Hazikutoka.

Zilikuwa upande wa pili wa kioo.