Jina la Kuosha Ziwani

Siku ile Olipa alikuwa anagombana kwa niaba ya watu wawili, mwenyewe hana ugomvi na mtu, gitaa lilipomgonga kisogoni.

Ufuko wa Nchelenge, kwenye ziwa Mweru, ulikuwa umefurika. Malori ya wafanyabiashara Wagiriki yalikuwa yamerudi kinyumenyume hadi kwenye mchanga kupakia samaki, na boti kutoka Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, zilikuwa zinashusha Wakongo na magunia yao ya chumvi. Olipa alisimama katikati ya makelele hayo na gauni lake la njano lililoshonwa Elisabethville, mji wa Kongo alikokulia, mkanda mpana kiunoni, viatu vya kisigino mkononi kwa sababu ya mchanga. Kazi yake ilikuwa ukalimani. Mkongo akisema kwa Kiswahili, "Nataka samaki kavu, si hawa wanaonuka," yeye aliwageukia wanawake akasema kwa Kibemba, "Nataka samaki kavu, si hawa wanaonuka." Wanawake wakijibu kwamba anayenuka ni yeye, Olipa alimgeukia Mkongo bila kupepesa macho: "Anayenuka ni wewe." Hakuna aliyemkasirikia. Wote walijua kwamba ulimi ni wake na maneno si yake.

Aliyemgonga alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limemlowa hadi kifuani, anashuka botini ameliinua gitaa juu ya kichwa lisiguse maji.

"Pardon, mamzele," alisema kwa Kiswahili cha Kongo. "Gitaa yangu haina macho."

"Na mwenye gitaa?"

"Mwenye gitaa macho iko nayo. Ndiyo maana imegonga weye, haikugonga ule mama wa chumvi."

Mama wa chumvi alicheka, Olipa akajitahidi asicheke. Kijana hakuondoka. Alisimama palepale, maji yanamchuruzika, akasikiliza bei zikipanda na kushuka hadi biashara ikaisha. Kisha akamwambia taratibu, "Unasema maneno ya batu siku muzima. Ya kwako unasemaka saa ngapi?"

Olipa aliinama akavaa viatu vyake vya kisigino, palepale mchangani.

Jina la kijana lilikuwa Jairos, mzaliwa wa Puta, kaskazini kidogo. Alipata kazi ya kushona nyavu zilizochanika kwenye kibanda cha tajiri mmoja, na sindano yake ya mti ilikaa mfukoni mwa shati kama kalamu ya karani. Mchana alishona, jioni alipiga gitaa, na katikati alitafuta visingizio vya kupita mbele ya nyumba ya Mable, shangazi yake Olipa, ambaye alikausha samaki na kuona kila kitu. Wenyeji walitumia Kiswahili kwa kupatana bei tu. Wawili hawa walikitumia kwa mapenzi, na hapo wakawa na faragha hata katikati ya umati. Jairos alimwita "sheri wangu", yaani mpenzi. Olipa alimwita "kipofu", kwa ajili ya gitaa.

"Kiswahili hiki ulikitoa wapi?" Olipa alimuuliza siku moja.

"Elisabethville. Nilimufuata mutu."

"Mwanamuke?"

"Hapana, sheri. Mutu." Akainamia wavu wake.

Kitu kingine kilimshangaza. Wazee walipompita Jairos walimwita Katongo. Walimwita kwa heshima, wengine wakipiga makofi ya polepole kama wanavyoamkia mkubwa. Jairos alisema ni jina la nyumbani. Olipa aliyaacha yapite. Yeye mwenyewe alikuwa na jina ambalo hakulitamka. Baba yake alikuwa fundi cherehani kule Elisabethville, fundi hasa, wa kuvalisha maharusi, mpaka alipoanza bangi. Cherehani iliuzwa kwanza. Mkasi ukafuata, halafu vitanda. Olipa alipokuwa msichana mdogo ndiye aliyetumwa kwenda kununua bangi, imefungwa kitambaani, na alipomzika baba huyo aliapa hatalitaja tena jina lake, wala hatapika chungu kimoja na mvuta bangi. Jairos alijua tu kwamba baba wa mpenzi wake amefariki.

Kwa hiyo mshenga alipokuja kwa Mable na kupokelewa vizuri, Olipa alijiona amefika. Ndoa ingefungwa mvua zikikatika.

Ndipo likaja gari la kurekodi kutoka Lusaka.

Ilikuwa miaka ya Shirikisho, chini ya Waingereza, na katika nyumba chache zenye uwezo kulikuwa na redio ya betri, ya duara kama sufuria, ambayo watu walikaa mbele yake kimya kama kanisani. Sasa mashine yenyewe inayolisha redio sauti ilikuwa imekuja kwao, ndani ya gari la kijivu, ikisimamiwa na Bwana Sampa mwenye tai na miwani myeusi. Kijiji kizima kilihamia pale. Bwana Sampa alikuwa na sharti moja. Wimbo wowote lazima aelezwe maneno yake kwanza, maana wakubwa wake walitaka kujua kinachoimbwa, na Kiswahili cha Kongo hakukijua. Watu wote walimgeukia Olipa.

Jairos alikaa kwenye kiti cha kukunja, akafunga macho. Aliimba ubeti mmoja na kunyamaza, Olipa atafsiri, kisha mwingine.

*Miye Katongo, mutoto ya Puta,*
*nilivuka maji na viatu ku miguu.*

Olipa alitafsiri akitabasamu. Sauti ile ilikuwa nzuri kupita kiasi, nzito, bila pambo.

*Bangi ikaniambia: viatu ni ya nini?*
*Nikauzisha viatu.*
*Bangi ikaniambia: blanketi ni ya nini?*
*Nikauzisha blanketi, nikalala ku simiti.*

Mdomo ulitafsiri wenyewe, kwa mazoea. Moyo ulikuwa umebaki kwenye neno la kwanza. Miye Katongo. Katongo ndilo jina wanalomwita.

*Mama alituma samaki. Nikauzisha samaki ya mama.*
*Mukono yangu ilizoea kunifilisi.*

Aliona chumba cha Elisabethville, alama nne za miguu ya cherehani sakafuni, mahali ambapo cherehani haipo tena. Kila neno alilijua. Hakuna mtu awezaye kuyatunga hayo kwa kusikia, aliwaza; ni lazima uwe umeyapitia. Palibaki ubeti mmoja, Jairos alikuwa ameshavuta pumzi, lakini Olipa alisema, "Miye siwezi tena," akapenya katikati ya watu akaenda zake. Nyuma yake Bwana Sampa alikuwa anasema kwamba wimbo usioelezwa wote hauwezi kurekodiwa, na kwamba kesho asubuhi gari linakwenda Chienge.

Jairos alimkuta kwenye vichanja vya samaki, jua limeanza kulala.

"Niambie si weye," alisema Olipa. "Ule Katongo wa bangi. Niambie si weye, nitaamini."

Jairos alichomoa sindano yake mfukoni, akairudisha. Alikuwa anampenda, na neno moja lingemrudishia kila kitu, lakini neno lile hakuwa na ruhusa nalo.

"Ni miye," alisema hatimaye. "Nilikubali mbele ya batu yote. Siwezi kusema si miye, sheri. Nikikana, nitamuua mara ya pili."

Olipa hakusikia maneno ya mwisho, au aliyasikia asiyape nafasi. Alimwambia asimwite sheri tena, na mshenga arudi kuchukua posa yake.

Asubuhi Mable alimkuta anageuza samaki ambao tayari walikuwa wamegeuzwa. Macho yalimvimba. Alipoulizwa alitapika yote, kwa Kibemba, na Mable akamsikiliza na kijiti cha kuchochea moto mkononi.

"Mwanangu," alisema, "Katongo amezikwa Puta. Nilikuwapo."

Olipa aliacha samaki.

"Alikuwa kaka yake mkubwa. Alikwenda Elisabethville na bangi ikammaliza. Huyu mdogo alimfuata, akamuuguza mpaka kaka akamfia mikononi, akamleta nyumbani kwa boti. Baada ya msiba wanaukoo wakamkalisha mkekani, wakampa maji anywe, wakamfunga ushanga mweupe, wakamrithisha jina. Tangu siku hiyo yeye ndiye Katongo. Mama yake humwita Katongo. Bangi yenyewe hajawahi kuionja. Moshi wa tumbaku tu unamkohoza."

"Basi kwa nini alisema ni yeye?"

"Aseme nini? Aliyerithi jina husema mimi. Hata wazee wetu wakisimulia vita vya zamani husema nilivuka mto, nilijenga hapa, na aliyevuka ameoza zamani. Nilidhani unajua. Ninyi mliokulia mjini mnafundishwa nini?" Mable alichochea moto, kisha akamtazama kwa jicho la utani. "Na wewe? Juzi ulituambia unataka magunia ya samaki uyapeleke kwa mkeo Kilwa. Kuna mtu aliyekuuliza umeoa lini?"

Olipa alikaa chini, palepale kwenye majivu. Miaka yote hiyo alisema mimi, mimi, mimi, kwa niaba ya watu wengine, na hakuwahi kudhani ni jambo kubwa. Alimwaza Jairos akifumba macho kwenye kiti kile, amempisha marehemu akae ndani yake na kusema. Kijana yule alibeba aibu isiyo yake kwa hiari, akakubali kumpoteza mchumba kuliko kumwacha kaka yake peke yake nayo. Ziwa lilikuwa limetulia, jeupe, halionyeshi ng'ambo, na Olipa alilitazama kama analiona kwa mara ya kwanza.

Kisha akakumbuka gari, akakimbia.

Bwana Sampa alikuwa anafunga milango. Jairos hakuwa mbali, na pembeni yake aliketi mwanamke mzee aliyekuja kutoka Puta kwa ajili ya wimbo ule, mama yake. Olipa hakusalimu mtu. Alisimama mahali pake pa jana, akavua viatu.

"Ubeti wa mwisho," alisema. "Nipo."

Jairos alimtazama, akachukua gitaa.

*Mudogo yangu, miye nakufa.*
*Moshi iliingia mu jina yangu.*
*Kamata jina, rudisha ku Mweru,*
*uyioshe, uyivae.*

Olipa alitafsiri neno kwa neno. Alisema, "Mdogo wangu, mimi nakufa," na sauti yake haikukatika, ingawa machozi yalikuwa yanamshuka waziwazi. Bwana Sampa alivua miwani. Akawasha mashine, wimbo ukaimbwa wote, kisha akazungusha utepe nyuma ili wausikie.

Jairos alikuwa amefunga mdomo, gitaa limelala magotini. Na sauti ikatoka garini: *Miye Katongo, mutoto ya Puta.*

Watu walirudi nyuma. Mama mzee yeye alisogea mbele, akapiga magoti mchangani, akakusanya viganja na kupiga makofi ya heshima, polepole. "Ndiyo, baba," aliliambia gari. "Nimekusikia. Karibu nyumbani." Wazee wakafuata, halafu wanawake wa samaki, na ufuko mzima ukapiga magoti na makofi mpaka wimbo ukaisha. Olipa alikuwa miongoni mwao.

Gari lilipoondoka, Jairos alikuja na kusimama mbele ya Mable, akasema kwa Kiswahili, ingawa Kibemba ni lugha ya mama yake, "Mukalimani, mwambie shangazi: bado nataka kuoa mutoto wake."

Olipa alimgeukia Mable. "Anasema..." Akasita, akajirekebisha. "Bado nataka kumuoa mtoto wako."

"Mwambie nimesikia," alisema Mable. "Na mtoto mwenyewe?"

"Mtoto mwenyewe anakubali. Jana alikuwa mjinga, anaomba radhi."

"Kwangu hiyo inatosha," Mable alisema, akaenda kuwatazama samaki wake, maana alijua lini aondoke.

Waliketi ukingoni, miguu majini. Jairos alimwita sheri na hakukatazwa. Baada ya kitambo Olipa alisema, "Iko jina ingine ya kuosha. Hakuna mutu aliyeirithi. Iko kaburini peke yake, Elisabethville."

Jairos hakuuliza ni ya nani. Alilegeza uzi mmoja wa gitaa, akaukaza, akaanza kupiga chinichini, taratibu, akisubiri.

Olipa alitazama maji.

"Miye Kafula," alianza, "fundi wa cherehani. Nilivalisha maharusi."